UZI: Daktari akikosea, nani analipa? Historia ya fidia, kutoka kokwet hadi Mahakama Kuu

1. Kila baada ya miezi michache video ya hospitali inasambaa, mtandao unawaka, tunagawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza: "Hao madaktari wafungwe!" Kambi ya pili: "Acheni wahudumu wafanye kazi, nyinyi mnatafuta pesa tu." Siku tatu baadaye tumehamia mada ingine, na mgonjwa amebaki na jeraha lake.

Swali ambalo kambi zote mbili hulipita: huyo aliyeumia anapata nini, kutoka kwa nani, na hiyo njia ya kukipata ilitengenezwa na nani? Leo tuingie hapo. Kama kawaida ya huu ukurasa, hakuna mwanasiasa atakayetajwa, wala chama. Ni uzi mrefu, chukua chai.

2. Mimi nimezaliwa Boito, upande wa Konoin, kaunti ya Bomet. Nasoma sayansi ya siasa, mimi si wakili. Lakini hii mada iliingia nyumbani kwetu kabla hata nijue kuna somo linaitwa sayansi ya siasa.

Senge wangu, yaani dada ya baba, alikuwa mchumaji majani. Asubuhi kwenye shamba lake dogo, na msimu ukiwa mzuri anaenda kibarua kwenye shamba kubwa. Agosti 2016 alijifungua kwa upasuaji katika hospitali ya umma. Mtoto akatoka salama. Tukapika, tukashukuru Mungu.

3. Lakini tumbo halikupona. Alirudi hospitalini mara tatu. Mara ya kwanza akaambiwa ni kawaida, kidonda kinafunga. Mara ya pili akapewa dawa za vidonda vya tumbo. Mara ya tatu akaambiwa apunguze mawazo. Mtu ana mtoto mchanga, hawezi kubeba kikapu cha majani, halafu anaambiwa apunguze mawazo!

Julai 2017 baba yangu akauza ng'ombe, wakampeleka kupigwa picha ya skani mji mwingine. Daktari akaangalia, akanyamaza, akaita mwenzake. Kulikuwa na kitambaa cha upasuaji ndani. Kikatolewa kwa upasuaji wa pili, na kipande cha utumbo kikatolewa nacho.

4. Familia ikaenda kuomba faili lake kule alikojifungulia. Faili halionekani. "Rudini wiki ijayo." Wiki ijayo, "Mwenye ufunguo wa stoo yuko likizo." Oktoba 2017 wakafika kwa wakili. Wakili alikuwa mtu mzima, mpole. Akauliza kitu kimoja tu kwanza: "Mama, ulipasuliwa lini?"

Akahesabu kwa vidole. Miezi kumi na minne. Akavua miwani. "Kwa hospitali ya serikali, sheria inatoa miezi kumi na miwili."

Nilikuwa kijana wa kidato cha pili, nimekaa kwenye benchi la nyuma nikimshika mtoto. Hiyo sentensi sijaisahau. Uzi huu ni historia ya hiyo sentensi.

5. Tuanze kabla ya wakili. Kwa Wakipsigis, kesi za mtaa zilienda kwa kokwet, baraza la wazee wa eneo. Mtu akimuumiza mwenzake, au akimuua, swali kubwa halikuwa tu "huyu ni mbaya kiasi gani?" Swali lilikuwa: kumeharibika nini, na kitarudishwaje? Fidia ilikuwa mifugo, na mzigo haukumwangukia mtu mmoja. Ukoo wa mkosaji ulichanga, ukoo wa aliyeumizwa ukapokea, watu wakaendelea kuishi mlima mmoja.

Tusiipambe sana lakini. Wanawake hawakukaa kwenye hilo baraza kama waamuzi. Senge wangu angezungumziwa na kaka zake. Hata hivyo, shika hilo wazo: mzigo wa kosa unabebwa na wengi. Tutarudi kwalo.

6. Kisha ukaja utawala wa Mwingereza, na miaka ya 1920 yakaja makampuni ya chai kwenye ardhi ya Kericho. Pamoja na chai, ikaja sheria.

Kuna tarehe moja kila Mkenya anafaa kuijua: 12 Agosti 1897. Sheria yetu ya Mahakama ya mwaka 1967, kifungu cha 3, mpaka leo inasema kwamba pale ambapo sheria zetu wenyewe hazijasema kitu, majaji watafuata sheria ya mazoea ya Uingereza, na zile sheria za jumla zilizokuwa zikitumika kule siku hiyo ya 12 Agosti 1897, kadiri hali ya watu wa hapa inavyoruhusu. Kwa hiyo mtu akiumizwa hospitalini Bomet, msingi wa kesi yake ulijengwa London.

7. Basi twende huko London kidogo, manake bila hiyo safari hutaelewa kwa nini kesi hizi ni ngumu.

Mwaka 1909 kulikuwa na kesi ya mgonjwa aliyeumia mkono akiwa amelala kwa dawa ya usingizi kwenye meza ya upasuaji, katika hospitali ya St Bartholomew's. Mahakama ikasema hospitali haiwajibiki kwa makosa ya kitaalamu ya daktari. Kazi ya hospitali ni kutafuta wataalamu wazuri, basi. Wakikosea, ni wao na wewe.

Fikiria maana yake kwa mtu maskini. Umelala, hujui nani alifanya nini, na unatakiwa umtaje mmoja mmoja.

8. Ilichukua miaka zaidi ya arobaini kugeuza hilo. Mwaka 1951 kukawa na kesi ya Cassidy. Mtu aliingia hospitali na vidole viwili vilivyokakamaa, akitaka vinyooshwe. Akatoka na vidole vinne vilivyokakamaa. Jaji Denning na wenzake wakasema, kwa lugha yangu: mambo kama haya hayatokei kama kila mtu amefanya kazi yake, kwa hivyo hospitali ndiyo itueleze ilikuwaje. Na hospitali inawajibika kwa wafanyakazi wake wote, daktari kwa muuguzi.

Hii ni nafuu kubwa. Kitambaa kilichosahaulika tumboni ni kesi ya aina hiyo hiyo. Kitambaa hakiingii chenyewe.

9. Lakini mwaka 1957 ikaja kesi ya Bolam. Mgonjwa wa akili alitibiwa kwa umeme bila dawa ya kulegeza misuli, akavunjika mifupa ya nyonga. Alishindwa kesi. Kwa nini? Kwa sababu madaktari wengine wenye sifa walisema nao wangefanya hivyo hivyo.

Kutoka hapo ikawa kanuni: daktari si mzembe kama alifuata njia inayokubaliwa na kundi la madaktari wenzake wenye ujuzi. Kwa ufupi, wanaoamua kama fundi amekosea ni mafundi. Mwaka 1997 majaji wa Uingereza wakaipunguza makali kidogo, wakasema maoni ya wataalamu lazima yawe na mantiki. Lakini uti wa mgongo wake umebaki.

10. Huku kwetu, mwaka 1974, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilitoa uamuzi katika kesi ya mtoto dhidi ya hospitali, na majaji wa Kenya wanaurejelea hadi leo. Wazo lake ni hili: anayejitangaza kuwa na utaalamu lazima awe na ujuzi wa kutosha wa utaalamu huo. Ila si kila matokeo mabaya ni uzembe.

Hapo kambi ya pili ina hoja, tuwape haki yao. Upasuaji unaweza kwenda vibaya na hakuna mtu amekosea. Mwili wa binadamu si gari. Kwa hiyo mlalamishi lazima athibitishe mambo manne: kwamba alidaiwa uangalifu, kwamba uangalifu huo ulikosekana, kwamba aliumia, na kwamba aliumia KWA SABABU ya huko kukosekana.

11. Hilo la nne ndilo huua kesi nyingi. Unahitaji daktari mwingine aje aseme mbele ya jaji: mwenzangu alikosea, na kosa lake ndilo lililoleta hili. Huyo daktari analipwa ripoti, na analipwa siku ya kuja kortini. Na pengine walisoma pamoja, au kesho watakutana wodini.

Familia yetu ilitafuta daktari wa kuandika ripoti. Wawili walisikiliza vizuri sana, wakatupa pole, wakasema hawawezi kuandika. Siwalaumu sana. Mfumo umewaweka mahali ambapo kumsaidia mgonjwa ni kumshtaki mwenzako.

12. Sasa sehemu ambayo kwenye mijadala hairushwi kabisa: serikali kama mshtakiwa.

Zamani Uingereza kulikuwa na msemo wa kisheria kwamba Mfalme hawezi kukosea. Kwa hiyo hangeshtakiwa kama mtu wa kawaida. Walibadilisha mwaka 1947. Koloni la Kenya likafuata mwaka 1956 na sheria ambayo leo tunaiita Sheria ya Mashtaka ya Serikali, Sura ya 40. Ikafungua mlango: sasa unaweza kuishtaki serikali. Lakini mlango ukawekewa kizingiti.

13. Kizingiti cha kwanza ni saa. Ukimshtaki mtu binafsi au hospitali ya kibinafsi kwa uzembe, una miaka 3. Kuna hata nafasi ya kuomba mahakama ikuongezee muda kama mambo muhimu hukuyajua wakati huo. Ukiishtaki Serikali, Sura ya 39 inakupa miezi 12.

Jiulize nani hutibiwa hospitali za umma. Ni yule asiye na wakili wa familia, anayeamini daktari akimwambia "ni vidonda vya tumbo", anayengoja bonasi ya majani ndiyo apate nauli. Yaani aliye na uwezo mdogo zaidi ndiye amepewa muda mfupi zaidi. Wakili wetu alisema tungeweza kubishana kwamba saa ilianza siku ya skani. Ila upande wa pili ungesema ilianza siku ya upasuaji, na tungetumia mwaka mzima kubishana juu ya saa, kabla hata kitambaa hakijatajwa.

14. Kizingiti cha pili ni kulipwa. Ukimshinda mtu wa kawaida kortini akakataa kulipa, unatuma dalali achukue ng'ombe au gari. Ukiishinda serikali, kifungu cha 21 cha Sura ya 40 kinasema huwezi kukamata mali yake. Na hilo linafunika serikali za kaunti pia.

Unachofanya ni kuchukua cheti cha hukumu, umpelekee afisa anayesimamia hesabu, ungoje. Asipolipa, unarudi kortini kuomba amri ya kumlazimisha alipe. Akikaidi, unarudi tena useme amedharau mahakama. Kila kurudi ni pesa. Kuna watu wana hukumu mkononi, zimepigwa muhuri, na hazijawahi kugeuka kuwa hata mfuko wa unga.

15. Kuna sababu ya hicho kifungu, tusiwe wajinga. Kama kila mwenye hukumu angekuja kubeba vitanda vya wodi na ambulensi, wagonjwa wengine wangekufa. Sawa. Lakini kulinda vitanda ni jambo moja, kutotenga pesa ya kuwalipa walioumizwa kwenye hivyo vitanda ni jambo lingine. Hilo la pili halijaandikwa na Mwingereza. Hilo ni bajeti, na bajeti inapitishwa na watu tunaowapigia kura, mwaka baada ya mwaka.

16. "Si kuna baraza la madaktari? Peleka huko." Ndiyo, lipo. Bodi ya Madaktari na Madaktari wa Meno ilianza kazi mwaka 1978 chini ya Sura ya 253, na tangu mabadiliko ya sheria ya 2019 inaitwa Baraza, KMPDC. Mtu yeyote anaweza kupeleka malalamiko, huhitaji wakili. Wauguzi wana baraza lao, maafisa wa kliniki wana lao.

Lakini elewa kazi yake. Baraza kimsingi linashughulika na nidhamu: huyu aonywe, huyu asimamishwe, huyu afutwe kwenye rejista. Hiyo ni adhabu. Fidia ni kitu kingine. Daktari anaweza kusimamishwa kazi miezi sita na wewe usipate hata nauli ya kurudi nyumbani. Hata hivyo usidharau njia hiyo: uamuzi wa baraza unaweza kukusaidia sana kama ushahidi.

17. Kisha ikaja Katiba ya 2010, na hapa lazima niseme kuna kitu kilibadilika kweli.

Kifungu cha 43: kila mtu ana haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachowezekana, na hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 46: mtumiaji wa huduma ana haki ya fidia kwa madhara yanayotokana na huduma mbovu, na hiyo inahusu hata mashirika ya umma. Kifungu cha 22 na 23: unaweza kwenda Mahakama Kuu haki ikivunjwa, na mahakama inaweza kuamuru ulipwe.

Ombi la kikatiba halina ule ukomo wa miezi 12. Ukichelewa sana bila sababu jaji atakuuliza, lakini mlango haufungwi kwa kalenda tu.

18. Watu wakaanza kuutumia huo mlango, na waliotangulia walikuwa kina mama.

Septemba 2015 Mahakama Kuu Nairobi iliamua kesi ya kina mama wawili waliozuiliwa hospitali ya Pumwani baada ya kujifungua kwa sababu hawakuwa na pesa ya bili. Mmoja wao alizuiliwa mwaka 2010. Mahakama ikasema haki zao zilivunjwa: mmoja alipwe shilingi 1,500,000, mwingine 500,000.

Machi 2018 Mahakama Kuu Bungoma iliamua kesi ya mama aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma mwaka 2013, akatukanwa na kupigwa makofi, na simu ya mtu ikarekodi. Shilingi 2,500,000, na amri ya kuombwa msamaha.

19. Nisome hizo kesi mbili kama mwanafunzi wa siasa. Jambo la kwanza: 2010 hadi 2015, 2013 hadi 2018. Miaka mitano na miaka mitano. Mtoto aliyezaliwa siku hiyo tayari anajua kusoma mama yake anaposikia hukumu.

La pili: zote zilihusu utu, yaani kufungiwa, kupigwa, kudharauliwa. Ile ya Bungoma ilikuwa na video. Kesi ya kitambaa, ya sindano iliyogonga mshipa, ya mtoto aliyekosa hewa kwa sababu upasuaji ulichelewa, haina video. Ina faili. Na faili linakaa na mshtakiwa.

20. Halafu gharama. Sheria ya Mawakili ya Kenya hairuhusu wakili kukubaliana nawe kwamba atalipwa tu ukishinda. Lengo lilikuwa zuri, kuzuia mawakili kununua kesi za watu. Matokeo yake ni kwamba mchumaji majani anatakiwa kuweka pesa mezani kabla ya kuanza. Sheria ya Msaada wa Kisheria ilipitishwa 2016, na ni hatua nzuri, lakini uliza kijijini kwenu ni wangapi wanajua hiyo huduma inapatikana wapi.

21. Sasa turudi shambani, nilisema tutarudi.

Tuseme senge wangu, akiwa kibarua kwenye lile shamba kubwa, angekatwa kidole na mashine ya kuchuma chai. Angetakiwa kuthibitisha nani mzembe? HAPANA. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ile watu wanaita WIBA, inasema ukiumia kazini unalipwa, isipokuwa ulijiumiza kwa makusudi. Mwajiri analazimika kuwa na bima. Ulemavu wa kudumu kabisa ni mshahara wa miezi 96. Mahakama ya Juu iliithibitisha sheria hiyo Desemba 2019.

Si kamilifu, wachumaji wa Kericho wanaweza kukuambia. Zaidi ya elfu moja walienda hadi mahakama ya Scotland kudai fidia ya migongo na viungo vilivyoharibika, na mwaka 2023 mahakama hiyo ikasimamisha kesi kwanza ili madai yapite kwa WIBA. Lakini angalia msingi: hakuna anayeuliza "nani mbaya?" Wanauliza "umeumia kiasi gani?"

22. Hilo wazo lina umri gani? Ujerumani walianza bima ya ajali za kazini mwaka 1884. Uingereza walipitisha yao mwaka gani? 1897. Agosti 1897! Mwezi ule ule wa ile tarehe yetu. Kwa wafanyakazi wa viwanda na migodi hatari wakaamua: hizi ajali zitatokea tu, kazi yenyewe ni hatari, basi tuacheni kutafuta mchawi, tuweke mfuko.

Hospitali nayo ni mahali pa hatari. Kila mwaka, hata penye madaktari wazuri kabisa, watu wataumizwa. New Zealand waliliona hilo: tangu 1974 wana mfuko mmoja wa ajali ambao pia unalipa wanaoumizwa na matibabu, bila kumshtaki daktari. Sweden wakaanza bima ya wagonjwa mwaka 1975. Jirani yetu Rwanda ana sheria ya bima ya lazima ya wahudumu wa afya, ya mwaka 2013.

23. Na sasa sikiliza vizuri, manake hapa ndipo kambi zote mbili zinakutana. Daktari wa hospitali ya umma Kenya anafanya kazi ya watu watatu. Migomo yao, ule wa siku 100 uliomalizika Machi 2017 na ule wa 2024, ilibeba pia kilio hicho. Ukimwambia daktari aliyechoka kwamba akikiri kosa atashtakiwa yeye binafsi, atafanya nini? Atanyamaza. Faili litapotea. Mwenzake hataandika ripoti. Na kosa litarudiwa kwa mgonjwa wa kesho kwa sababu hakuna aliyelijua.

Mfuko unaolipa bila kutafuta mchawi haumtetei mzembe. Nidhamu ibaki kwa Baraza, uhalifu ubaki kwa polisi. Lakini mkate wa aliyeumia usingojee hizo mbili.

24. Hii si ndoto ya Ulaya. Ni kokwet. Mzigo wa kosa la mmoja unabebwa na ukoo, aliyeumizwa anarudishiwa, watu wanaendelea kuishi mlima mmoja. Tofauti ni kwamba leo ukoo ni kaunti na nchi, mifugo ni kodi na bima, na mara hii senge yuko kwenye baraza akijizungumzia mwenyewe.

25. Kabla hatujafika huko, kama yamekupata leo, fanya hivi, na ufanye MAPEMA:
– Andika tarehe zote, majina ya wodi, na ulichoambiwa. Siku hiyo hiyo.
– Omba nakala ya faili kwa maandishi, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 viko upande wako.
– Lalamika kwa hospitali kwa maandishi. Sheria ya Afya ya 2017 inakupa haki ya malalamiko yako kuchunguzwa.
– Peleka kwa Baraza husika.
– Ona wakili kabla ya miezi 12, hata kama bado unaumwa, hata kama wazee wanasema tungoje.

26. Na msimu wa kura ukifika, wakija pale kituo cha kupimia majani na maspika yao, usiulize "mtajenga hospitali?" Wote watasema ndiyo. Uliza haya matatu.
Moja: kwa nini aliyeumizwa na hospitali ya umma apewe mwaka mmoja na wa kibinafsi apewe mitatu?
Mbili: kwenye bajeti ya kaunti, pesa ya kulipa hukumu za walioumizwa hospitalini iko ukurasa gani?
Tatu: kama kidole kilichokatwa shambani kinalipwa bila kesi, tumbo lililokatwa vibaya hospitalini lina kosa gani?

27. Mtauliza senge aliishia wapi. Wakili alitueleza njia ya ombi la kikatiba, akatupa hesabu ya gharama. Familia ikakaa usiku mmoja. Ng'ombe alikuwa ameshauzwa, na deni la upasuaji wa pili lilikuwa bado. Kogo ndiye aliyesema, "Tuleeni mtoto kwanza." Wazee wa mtaa wakaitisha harambee, deni likaisha. Kesi haikuwahi kufunguliwa.

Senge yuko. Hachumi tena majani siku nzima, kikapu kikijaa anaketi. Yule mtoto ametimiza umri wa kwenda shule, anapenda hesabu. Mwaka jana nilimuuliza senge kama angepewa nafasi leo angeshtaki. Akafikiri. Akasema hakutaka yule daktari afungwe, hata jina lake hajui. "Nilitaka tu mtu aje aseme, ni sisi, na tutakusaidia kubeba."

Uzi umeisha. Kama una swali niulize hapa chini, na kama wewe ni muuguzi au daktari, nataka sana kusikia upande wako pia.